Barua kwa Waziri wa Mazingira huishia wapi? Majibu kwa wasomaji

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zina lalamiko moja: mtu ameiandikia Wizara ya Mazingira, akangoja, na jibu halikuja. Tumechagua tano. Zote zinatoka Kenya, na majibu yanafuata sheria za Kenya.

*

SWALI: Kuna machimbo ya kokoto karibu na kijiji chetu. Wakilipua baruti nyumba zinatikisika na kuta zimeanza kufanya nyufa. Tulimwandikia Waziri wa Mazingira, sahihi za watu 64, miezi minne sasa kimya. Kwani hiyo wizara kazi yake ni nini? — Msomaji, Kaunti ya Machakos

Kazi yake ni kubwa, ila si hiyo mliyoiomba. Wizara ya Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu hutunga sera, huandaa miswada, hupigania fungu la bajeti, huteua wanabodi wa mashirika yaliyo chini yake na huiwakilisha nchi kwenye mikataba ya kimataifa. Ahadi ya Kenya ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 kufikia mwaka 2030, kwa mfano, ilipita mezani hapo kabla ya kupelekwa Umoja wa Mataifa.

Silaha kali ya Waziri ni kalamu ya kanuni. Sheria ya Bunge humpa uwezo wa kuweka viwango vya kelele, maji machafu, moshi na taka, na viwango hivyo vikichapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali vinakuwa na nguvu ya sheria. Lakini kuna mtego ambao umewahi kuua kanuni nyingi, na si za mazingira pekee: kwa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni lazima iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa. Isipowasilishwa, inakufa yenyewe. Wakili mjanja wa mwenye kiwanda huanza kuchungulia hapo.

Kukagua machimbo, kuchukua sampuli, kufunga mtambo na kushtaki ni kazi ya NEMA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, iliyoundwa na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Iko chini ya wizara kwa mpangilio wa serikali, lakini leseni na amri hutoa yenyewe. Mkaguzi wake anaweza kuingia kwenye eneo la kazi bila hati ya mahakama kwa saa za kawaida, akatoa ilani ya kurekebisha, na kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu akafunga mtambo papo hapo. Waziri hana mtu wa namna hiyo ofisini kwake. Barua yenu yaelekea ilipigwa muhuri, ikaandikwa "kwa hatua zaidi", na iko safarini kati ya meza mbili.

Baruti nayo ina mwenyewe mwingine kabisa: ruhusa ya kulipua hutolewa na wakaguzi wa wizara inayosimamia madini. Kwa hiyo andikeni barua mbili tofauti. Ya kwanza iende kwa Mkurugenzi wa NEMA wa kaunti, na itaje Kanuni za Kelele na Mitetemo za 2009, ambazo zinakataza mtetemo kuzidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo la mwenye kazi. Ya pili iende kwa afisa wa madini wa eneo lenu, ikiuliza mlipuaji ana kibali gani na cha saa ngapi. Nakala za zote mbili zipelekwe kwa Kamati ya Taifa ya Malalamiko ya Mazingira, ambayo kazi yake ni kuchunguza hata malalamiko dhidi ya NEMA yenyewe.

Ombeni pia, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nakala ya leseni ya mazingira ya machimbo na ripoti ya ukaguzi wa kila mwaka. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ripoti isipokuwepo, hilo peke yake ni kosa la mwenye machimbo, na ni rahisi kulithibitisha kuliko ufa.

Sasa ufa wenyewe. Picha ya ufa bila kipimo haimsaidii mtu, kwa kuwa mwenye machimbo atasema nyumba ilijengwa vibaya. Chukueni plasta ya jasi, ile ya fundi wa dari, mkandike vibandiko viwili vyembamba vya upana wa vidole vitatu kukatisha ufa, kimoja juu na kimoja chini. Andikeni tarehe juu ya kila kimoja kikiwa bado kibichi. Kikikauka, pigeni picha pamoja na rula. Kibandiko kikipasuka siku ya mlipuko, mna ushahidi kwamba ufa unatembea na unatembea lini. Saruji isitumike: ngumu mno, hubanduka badala ya kupasuka. Fanyeni hivyo nyumba tano au sita zilizo umbali tofauti na machimbo, pamoja na daftari la kila mlipuko: tarehe, saa, nani alikuwepo. Nyufa zikiwa kubwa karibu na kupungua kadiri mnavyokwenda mbali, hoja ya "mlijenga vibaya" inakosa miguu.

*

SWALI: Ninaishi nyuma ya klabu ya usiku. Muziki hadi saa kumi alfajiri, Ijumaa mpaka Jumapili. Watoto hawalali. Polisi huja, muziki unashuka, wakiondoka unapanda. Niende wizarani Nairobi? — Mama wa watoto watatu, Mtwapa

Usipoteze nauli, mama. Kelele zina wenyewe wawili na wote wako karibu nawe. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero za umma. Kanuni za 2009 tulizozitaja juu bado zinasimamiwa na NEMA. Ndiyo maana kila mmoja hukuelekeza kwa mwenzake. Peleka lalamiko moja lenye majina ya wote wawili juu, ligongwe muhuri wa kupokelewa kote, ubaki na nakala zako.

Viwango ni hivi. Usiku, kwa kanuni, huanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje, kwenye eneo la makazi, kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Eneo la mchanganyiko, makazi na biashara na starehe pamoja, ambalo ndilo mwenye klabu atadai mnaishi, mchana ni 55 lakini usiku ni 35 vilevile. Kwa hiyo asikutishe na neno "eneo la biashara": hata huko usiku ni 35. Desibeli 35 ni kimya cha chumba cha kulala. Spika inayosikika wazi kitandani kwako yaelekea imeshavunja kanuni.

Kinachoangusha kesi hizi ni kipimo. Programu za simu hutofautiana kutoka simu hadi simu na mahakama haiziamini. Zitumie kwa daftari lako tu. Kipimo cha kisheria hufanywa na afisa mwenye mita iliyosawazishwa, na maafisa wengi hufanya kazi saa za ofisi, wakati klabu imelala. Kwenye barua omba waziwazi kipimo cha usiku, taja Ijumaa au Jumamosi na saa ambayo fujo hukolea, na uombe kipimwe kwenye mpaka wa kiwanja chako. Barua isemayo "tunasumbuliwa na kelele" hupata ziara ya Jumanne saa nne asubuhi. Afisa atasikia ndege.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yetu huuma zaidi: leseni ya pombe. Hutolewa na kaunti na huhuishwa. Uliza kwenye ofisi ya kaunti ndogo kamati ya leseni za vileo inakaa lini, kisha uwasilishe pingamizi la maandishi lenye sahihi za majirani, kila mmoja na namba ya nyumba au kiwanja chake. Orodha ya majina matupu hutupwa kwa shaka kwamba imeandikwa na mtu mmoja. Faini ya kelele mwenye klabu hulipa kwa mapato ya usiku mmoja, lakini leseni ikikwama, baa haifunguliwi.

Kwa wale watakaouliza: nyumba za ibada nazo zina kikomo, desibeli 40 mchana na 35 usiku. Mkesha wenye spika nje unahitaji kibali maalumu, na kibali hicho hakizidi siku saba.

*

SWALI: Tumeona tangazo gazetini la mradi mkubwa kando ya mikoko yetu. Linasema wananchi watoe maoni ndani ya siku 30 kuhusu ripoti ya tathmini ya mazingira. Sisi ni wavuvi. Tuandike nini? Na kama leseni ikitolewa tukiwa hatukubali? — Kikundi cha wavuvi, Kwale

Kwanza ipateni ripoti yenyewe. Tangazo husema iko wapi. Kwa kawaida nakala huwekwa makao makuu ya NEMA Nairobi na ofisi yake ya kaunti. Ni haki yenu kuisoma. Ripoti huweza kuwa na mamia ya kurasa, nyingi za kujaza. Someni kwa mpangilio huu.

Anzeni na viambatisho vya mwisho: kumbukumbu za mikutano na orodha za waliohudhuria. Kanuni za tathmini za 2003 zinamtaka mwenye mradi, wakati wa utafiti, abandike mabango mahali pa wazi, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Basi tazameni: mikutano ilifanyika wapi? Hotelini mjini au ufuoni kwa wavuvi? Majina ni ya watu mnaowajua? Mwandiko ni mmoja kwenye mistari ishirini? Kuna saa na tarehe? Kuna mtu aliyeuliza swali, na swali lilijibiwa wapi kwenye ripoti?

Kisha nendeni sura ya njia mbadala. Mwandishi mzembe huandika aya mbili kwamba mahali pengine "hapafai". Halafu mpango wa usimamizi, jedwali linalosema nani atafanya nini, lini, kwa pesa ngapi. Safu ya gharama ikiwa tupu, hakuna atakayefanya.

Maoni yenu yataje ukurasa na aya. "Tunapinga mradi huu kwa sababu utaharibu bahari" haimsumbui mtu. "Ukurasa wa 112 unasema hakuna uvuvi kati ya Agosti na Novemba, sisi huvua kamba hapo miezi hiyo, tazama rekodi za usimamizi wa ufuo wetu zilizoambatishwa" linamlazimu mtathmini kujibu. Vitengo vya usimamizi wa ufuo, BMU, huwa na madaftari ya mizani ya kila siku, na huo ndio utajiri wenu: kilo, aina, tarehe. Nakilini miezi kumi na miwili.

Leseni ikitolewa, kuna Baraza la Rufaa la Mazingira la Taifa. Rufaa ipelekwe ndani ya siku 60. Hesabuni tangu tarehe iliyoandikwa kwenye leseni, msihesabu tangu siku mliyosikia, ingawa kuna mabishano ya mawakili juu ya hilo; rufaa iliyochelewa siku moja hutupwa bila kusikilizwa, na nyingi zimekufa hivyo. Na msidhani kupeleka rufaa kunasimamisha tingatinga. Ombeni amri ya kusimamisha kazi kwa maandishi, siku hiyohiyo. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza ana siku 30 kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hii si nadharia. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Lamu ilitolewa Septemba 2016. Wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta. Sababu kubwa ilikuwa kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya mwanzo ilifanyika, lakini utafiti ulipokamilika na athari kujulikana, hakuna aliyerudi kuwaeleza. Viambatisho, kwa maneno mengine. Ndiyo maana tumesema anzeni huko.

*

SWALI: Shamba langu linashuka hadi mtoni. Afisa mmoja kaniambia niache mita 30 bila kulima, mwingine kasema mita 6. Nimsikilize yupi? Nikiacha 30 nimebaki na nini? — Mzee wa Kangema, Murang'a

Mzee wetu, wote wawili wamekuambia nusu. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kulima au kujenga ndani ya upana mzima wa mto, kwa kiwango cha chini cha mita 6 na cha juu cha mita 30, kila upande. Maana yake unapima upana wa mto wako. Ukiwa na mita 4, unaacha 6, kwa sababu hakuna kushuka chini ya hapo. Ukiwa na mita 11, unaacha 11. Ukiwa na 45, unaacha 30. Mito mingi ya Murang'a inayopita mashambani ni myembamba, kwa hiyo yaelekea hukatwi mita 30.

Ila tahadhari na mahali pa kuanzia. Kipimo hutoka kwenye alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa, hakianzii kwenye ukingo wa maji ya Februari. Itafute alama hiyo: mabaki ya majani na takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye mashina, mahali udongo unapobadilika kutoka mchanga wa mto kuwa mwekundu wa mlima. Waulize na majirani maji ya mvua kubwa yalifika wapi. Piga vigingi, kisha mwite afisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji athibitishe mbele ya chifu, mwandikiane. Mamlaka hiyo iko chini ya wizara ya maji, haiko chini ya wizara ya mazingira, na pengine ndiko zilikotoka sauti mbili ulizozisikia.

Sehemu utakayoacha haitakiwi kukaa uchi. Mianzi hushika ukingo vizuri, na nyasi za mabingobingo zikikatwa kwa mundu bila kung'oa mizizi zitakulishia ng'ombe. Mikaratusi usithubutu. Hunywa maji kwa pupa, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, mtu wa huko kwenu Kangema, aliamuru ing'olewe kando ya mito. Wakulima walinung'unika sana, maana ndiyo iliyokuwa inawalipia karo kwa kuuza nguzo.

*

SWALI: Serikali yenyewe inaweza kushtakiwa kwa kushindwa kulinda mazingira, au ni kupoteza muda? — Mwanafunzi, Mombasa

Inaweza, na mfano uko mtaani kwenu. Owino Uhuru, karibu na Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kutoa risasi, yaani madini ya ledi. Moshi, vumbi na maji yake yakaingia kwenye nyumba, na risasi ikaonekana kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido aliyefanya kazi humo akaongoza mapambano, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikigawanya lawama kati ya kampuni na taasisi za serikali, NEMA na wizara zikiwemo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kwa mwanafunzi wa sheria, soma vifungu vya 42, 69 na 70 vya Katiba. Cha 70 kina ladha ya pekee: mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Hata wewe usiyeishi Owino Uhuru ungeweza kufungua kesi.

Lakini kifungu hakitoshi bila vipimo. Kwa sumu ya risasi, damu ichukuliwe na hospitali inayotambulika, majibu yawe na jina, tarehe na kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Udongo uchukuliwe sehemu kadhaa, na mahali pengine mbali na kiwanda pa kulinganishia. Kila chupa na mfuko ufungwe, utiwe lebo na sahihi, na kuwe na karatasi inayoonyesha nani aliushika kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Pelekeni kwenye maabara iliyotangazwa rasmi chini ya sheria ya mazingira. Sampuli iliyolala usiku mmoja kwenye buti ya gari la mtu asiyejulikana, wakili wa upande wa pili ataitupa nje kabla ya saa nne asubuhi.

Na ukishinda, jiandae kwa ngwe ya pili. Kukusanya pesa kutoka serikalini ni kesi nyingine: huwezi kukamata mali ya serikali kama unavyokamata gari la mdeni. Unachukua cheti cha hukumu dhidi ya serikali, unakipeleka kwa afisa mhasibu wa wizara husika, na akikaidi unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha alipe. Amri hiyo hutaja cheo chake, naye akiendelea kukaidi anaweza kuitwa ajieleze kwa kudharau mahakama. Hapo ndipo barua iliyoandikwa wizarani hupata jibu.